Ukipunguza ugali miguu ikafa ganzi: chunguza B12 na metfomini kwanza

Ugali hauna vitamini B12. Wa sembe hauna, wa dona hauna, wa mtama na wa uwele nao hauna. Naanzia hapo kwa sababu swali linalorudi kila mara kutoka kwa watu wenye kisukari aina ya pili hapa Dodoma ni hili: nimepunguza wanga, sasa nyayo zinawaka moto na vidole vina ganzi, si ndiyo vitamini zimeniishia, nirudie ugali wangu? Ganzi hiyo inaweza kweli kutokana na upungufu wa vitamini. Lakini vitamini inayohusika haikuwamo kwenye ugali tangu mwanzo, na mara nyingi kilichoishusha ni metfomini, kidonge cha kisukari.

Sisemi mtu aache metfomini. Ni dawa nzuri, bei yake inabebeka, na kwa wengi ndiyo nguzo ya matibabu. Shida yake iko mwishoni mwa utumbo mwembamba, mahali B12 inapofyonzwa. Ufyonzaji huo unahitaji kalsiamu, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba metfomini huvuruga hatua hiyo, hivyo sehemu ya B12 uliyokula inaishia chooni. Mwaka wa kwanza hutaona kitu, kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Akiba ikija kwisha, nani ataishuku dawa aliyoimeza miaka yote bila tatizo? Hatari hupanda kwa dozi na kwa muda: anayemeza miligramu 2,000 kwa siku kwa mwaka wa tano yuko pabaya kuliko wa miligramu 500 aliyeanza juzi. Ukiongeza omeprazoli ya vidonda vya tumbo, inayomezwa hapa mjini miezi na miezi bila cheti, unaziba mlango wa pili, maana asidi ya tumbo ndiyo inayoitoa B12 kwenye nyama na mayai.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku. Yai moja lina kama nusu mikrogramu, glasi ya maziwa kama 1, nyama ya ng'ombe gramu 100 kama 2 au zaidi kidogo, na ini gramu 100 lina zaidi ya 50. Dagaa na samaki wa Mtera wanayo ya kutosha. Mlenda, maharage, karanga na mchicha: sifuri. Kwa hiyo mtu wa Bahi au Chamwino anayekula ugali wa uwele kwa mlenda mchana na usiku, nyama akaionja siku ya mnada tu, alikuwa ukingoni kabla hata ya kuandikiwa metfomini. Kupunguza wanga kukifanywa vizuri huinua B12, kwa sababu nafasi ya ugali huchukuliwa na mayai, samaki, maziwa na nyama. Kukifanywa vibaya, ugali unapunguzwa, mboga inabaki ileile kijiko kimoja, na mtu analala njaa akiamini anajitibu.

Kipimo cha B12 ni cha damu tu, lakini kina mitego. Kwanza, damu itolewe kabla ya sindano au vidonge vya B12. Ukishachomwa, namba itapanda na kubaki juu kwa wiki nyingi, na hakuna atakayejua ulianzia wapi. Pili, soma kizio. Maabara nyingine huandika pikogramu kwa mililita, nyingine pikomoli kwa lita, na 1 ya pikomoli ni sawa na 1.355 ya pikogramu. Chini ya pikogramu 200, yaani pikomoli 148, ni upungufu. Kati ya pikogramu 200 na 300 ni eneo la mashaka: mwenye ganzi katika eneo hilo atibiwe kama mwenye upungufu. Mtu mwenye 180 kwenye karatasi ya pikomoli anaweza kuambiwa amepungukiwa kwa kulinganishwa na 200, kumbe yeye ana pikogramu 244. Tatu, usitosheke na FBP, yaani picha kamili ya damu. Ni kweli B12 ikipungua chembe nyekundu za damu huwa kubwa kupita kawaida, ila mwenye upungufu wa madini ya chuma kwa wakati huohuo chembe zake zinaweza kuonekana za kawaida kabisa, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Tena ipo mishipa inayoumia kabla damu haijaonesha chochote.

Kuna jingine linalowachanganya hata watoa huduma. Upungufu wa B12, wa folati au wa madini ya chuma hufanya chembe nyekundu zikae kwenye damu muda mrefu kuliko kawaida, zikizidi kujipaka sukari. Matokeo yake HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, inapanda bila sukari yenyewe kupanda. Mtu amepunguza wanga kwa nidhamu, mashine ya nyumbani inasoma milimoli 6 na 7 kwa lita asubuhi, halafu HbA1c inatoka asilimia 8.5 na anaonekana mwongo. Kabla ya kumwongezea dawa, pima B12 na damu. Na akianza kutibiwa, chembe changa zitaingia kwa wingi na HbA1c itashuka ghafla, nayo ni ahueni ya uongo. Subiri walau miezi mitatu ndipo uiamini tena. Kwa mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni au ambaye chembe zake zinavunjika mapema, mambo hugeuka: HbA1c husoma chini kuliko ukweli.

Sasa vidonge. Mtu akisema ganzi kwenye duka la dawa, mara nyingi hupewa vidonge vya B mchanganyiko, vile vya "mishipa", kimoja mara tatu kwa siku. Geuza pakiti usome B6. Baadhi yake zina miligramu 100 hadi 200 katika kidonge kimoja, wakati mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni chini ya miligramu 2. Marekani kikomo cha juu ni miligramu 100 kwa siku, na Ulaya mwaka 2023 walikishusha hadi 12. B6 ikizidi kwa miezi huharibu mishipa ya fahamu, na dalili zake ni ganzi na kuchomachoma miguuni. Mgonjwa anaongeza vidonge, ganzi inaongezeka, anaongeza tena. Ukiniuliza mimi, hii ndiyo fedha inayopotea vibaya kuliko zote katika matibabu ya kisukari mjini hapa.

Upungufu ukithibitika, kinachotakiwa ni B12 peke yake. Vidonge vya mikrogramu 1,000 kila siku hufanya kazi hata kwa anayetumia metfomini, kwa kuwa takribani asilimia 1 hupenya ukuta wa utumbo bila kusubiri njia ile iliyovurugwa. Mwenye ganzi iliyokomaa, anayeyumba akitembea gizani au anayesahausahau anastahili sindano za haidroksokobalamini miligramu 1: siku moja ndiyo, moja hapana, mpaka nafuu ifike mwisho wake, kisha kila baada ya miezi miwili. Anayeandika ratiba hiyo ni daktari. Folic acid, yaani folati ya vidonge, isitangulie peke yake. Itasafisha damu, FBP itapendeza, na uti wa mgongo utaendelea kuumia kimyakimya. Tena si kila ganzi ni B12. Sukari yenyewe ndiyo chanzo kikubwa zaidi, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. B12 inapewa uzito kwa sababu inatibika, hasa ikikamatwa mapema.

Turudi kwenye ugali, maana hapo ndipo vitamini nyingine zinapoingia. Unga wa mahindi gramu 100 una wanga kama gramu 75. Mtama una karibu 70, uwele na ulezi hivyohivyo. Mtama una nyuzinyuzi zaidi na kwa wengine hupandisha sukari polepole, lakini haugeuki dawa kwa kuwa umelimwa Kongwa. Kiasi ndicho kinachoamua. Namna ya kukijua ni hii: pima unga kwa mzani wa jikoni, tuseme gramu 500, songa ugali kama kawaida, kisha upime ugali mzima. Ukitoka kilo 1.5, kila gramu 100 za ugali zina unga gramu 33, yaani wanga gramu 25. Bonge la gramu 600, ambalo kwa mkulima wala si kubwa, lina wanga gramu 150. Mlo wa wanga mdogo kwa kawaida ni ule ulio chini ya gramu 130 kwa siku nzima. Ukilenga gramu 150 hadi 200 za ugali mara mbili kwa siku, umebaki na nafasi ya maziwa, maharage na tunda moja. Pima ugali wako mara moja tu, kisha jicho litazoea.

Kabla ya kufanya hivyo, angalia dawa zako. Kama pakiti imeandikwa glibenclamide, gliclazide au glimepiride, au unachoma insulini, dozi irekebishwe na daktari siku ileile unayopunguza ugali. Dawa hizi hushusha sukari hata kama hukula, na glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, hatari zaidi kwa wazee na wenye figo dhaifu. Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa kwenye nusu glasi ya maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Anayetumia dapagliflozin au empagliflozin, vidonge vingine vya kisukari, asiingie kwenye mlo wa kukata wanga karibu wote, kwa sababu asidi za ketoni zinaweza kujaa mwilini huku mashine ikionesha sukari ya wastani. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa nguvu. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Kinachoondoka na ugali wa dona au mtama ni B1, folati kiasi, magnesiamu na nyuzinyuzi. B1 ina uzito wake, kwa kuwa figo za mwenye kisukari huipoteza zaidi kwenye mkojo. Inarudi kirahisi: kiganja cha karanga, gramu 30, kina wanga gramu 5 tu, na humo mna B1 na folati. Mbegu za alizeti zina B1 nyingi kuliko karanga. Tunazikamua zote, tunabaki na mafuta, na mafuta hayana B1 hata chembe. Kaanga mbegu kidogo, menya, tafuna. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina wanga kama gramu 20, kwa hiyo kihesabu pamoja na ugali. Si mboga ya bure.

Mboga ya karibu bure ni mlenda, na hapa kuna makosa mawili ya jikoni. La kwanza ni magadi. Yanalainisha majani na kuongeza utelezi, lakini magadi huharibu B1 na vitamini C mle mle chunguni, tena yanaongeza sodiamu kwa mtu ambaye huenda ana presha pia. Mlenda wenyewe unateleza bila msaada. Ukitaka ulainike zaidi, tia bamia. Kosa la pili ni kuanika majani juani peupe. Jua kali la Dodoma linaua vitamini C na kupunguza sana kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Chambua yakiwa mabichi, osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili hivi, chuja, kisha tandaza safu nyembamba kivulini penye upepo, juu ya wavu au mkeka safi, na ugeuze mara kwa mara. Mazuri hubaki na ukijani. Yaliyopigwa jua hugeuka hudhurungi. Weka kwenye chombo chenye mfuniko kisichopitisha mwanga. Wakati wa kupika tia karanga zilizotwangwa au kijiko cha mafuta, kwa sababu vitamini A, E na K hazifyonzwi vizuri bila mafuta. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiruke kutoka mboga kidogo hadi bakuli zima kila siku kwa ghafla. Vitamini K itapunguza nguvu ya dawa. Achague kiasi, akishike, na awaambie kliniki.

Vitamini C haiwi tatizo kwa anayekula kabichi mbichi, pilipili hoho au pera moja. Unga wa ubuyu usiotiwa chochote ni mzuri, kijiko kimoja kwenye mtindi. Ule mwekundu wa pakiti ni sukari na rangi. Zabibu zetu zina wanga gramu 17 au 18 katika gramu 100, hivyo kumi zinatosha, na zilizokaushwa ziachie wengine. Vidonge vya vitamini C vya dozi kubwa viache pia, kwani baadhi ya mashine za sukari huisoma vitamini hiyo kama glukosi na kukupa namba ya juu isiyo ya kweli.

Na vitamini D? Ngozi yenyewe inaitengeneza kwa jua, nalo hapa tunalo. Wanaopungukiwa ni wanaoingia ofisini Mtumba alfajiri na kutoka jioni, wanaofunika mwili wote, wazee wasiotoka ndani, na wenye uzito mkubwa, ambao mafuta ya mwili huishikilia. Hao wapime, chini ya nanogramu 20 kwa mililita, sawa na nanomoli 50 kwa lita, ni upungufu na unatibiwa kwa ajili ya mifupa na misuli. Kwa ajili ya sukari, usitegemee kitu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019, wenye watu 2,423 waliokuwa karibu kupata kisukari, uliwapa nusu yao yuniti 4,000 kila siku, na tofauti iliyoonekana haikutosha kusema vitamini D inazuia kisukari.