Kuacha ugali na kufunga: kilo za wiki ya kwanza ni maji zaidi

"Acha ugali, wali na chapati, funga saa 16 kwa siku, mafuta yatayeyuka na hayatarudi." Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu. Unaaminika kwa sababu mizani hushuka kweli. Ila mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli pamoja na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu 1 ya wanga. Akiba ikipungua, maji hutoka. Rudia wali siku chache, kisha jipime: utaona mizani imepanda tena. Tafiti za mwaka mzima zinaonyesha njia hizi hazizidi sana nyingine za kupunguza chakula, na wengi wakiacha, kilo hurudi. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo: anayetumia dawa za kisukari akifunga bila ushauri wa daktari, sukari yaweza kushuka ghafla.