Gavana hutoa wadhifa, nyota hatoi

Kila Walinzi wa Taifa wa Massachusetts, yaani jeshi la akiba la jimbo hilo la Marekani, wanapotajwa hapa Kenya, na tangu 2015 walipoanza ubia na jeshi letu wanatajwa sana, lazima atokee mtu wa kunieleza kwamba mkuu wao "ameteuliwa na Rais wa Marekani". Nafundisha sheria za kijeshi na kauli hii imenichosha.

Mkuu huyo huitwa ajutanti jenerali. Kila jimbo lina wake, na sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inasema tu kwamba lazima awepo na atafanya kazi atakazopangiwa na sheria za jimbo. Kumpata ni shauri la jimbo. Karibu kote gavana ndiye anayeteua. Vermont, Bunge la jimbo humchagua kila baada ya miaka miwili. South Carolina alipigiwa kura na wananchi, tena kwa tiketi ya chama, mpaka wapigakura walipoukataa utaratibu huo mwaka 2014. Gavana akaanza kuteua 2019. Rais huteua wa Washington, D.C., mahali pasipo na gavana.

Sasa jambo ambalo watu hawataki kulisikiliza: wadhifa si cheo. Gavana anaweza kumchukua kanali leo na kesho akaketi kwenye kiti cha ajutanti jenerali. Amri zake ndani ya jimbo ni halali kabisa. Lakini nyota za ujenerali zinazotambuliwa na Jeshi la Marekani gavana hana. Hizo zina njia yake: sifa za afisa zinapimwa upya kwa vigezo vya shirikisho, Rais anapendekeza jina, Seneti ya Marekani inathibitisha. Jimbo linaweza kumvisha nyota zake lenyewe kabla ya hapo, na yapo yanayofanya hivyo, ila akiitwa kwenye utumishi wa shirikisho, chini ya amri ya Rais, atahesabiwa kwa cheo anachotambuliwa nacho, yaani kanali. Kwa hiyo Rais yumo, ila anahusika na bega la afisa, hahusiki na kiti chake. Ukichanganya haya mawili hutaelewa kwa nini gavana na Rais wanaweza kuvutana juu ya kikosi kilekile.

Kuhusu masharti yenyewe, vitabu husifu majimbo kama Texas, yanayodai mteuliwa awe afisa anayetambuliwa na shirikisho na awe ametumikia miaka kadhaa kwenye kikosi cha jimbo hilohilo. Uzoefu wa nyumbani, wanasema. Mimi nina shaka. Katika jimbo dogo makanali wenye sifa hizo ni wachache, wanajuana, na wengi wao walipandishwa kwa mapendekezo ya mkuu anayeondoka. Sharti linalozuia rafiki wa gavana asiyejua jeshi linamzuia pia afisa hodari wa jimbo jirani, na sijaona sheria iliyofanikiwa kumzuia wa kwanza bila kumfungia mlango wa pili.