Elimu masafa ni nini, na inaelekea wapi?

Elimu masafa ni mpango wa masomo ambao kwa sehemu kubwa ya kozi mwalimu na mwanafunzi hawakutani darasani. Somo linamfuata mwanafunzi alipo, kwa karatasi, redio, simu au kompyuta. Anafanya kazi alizopewa, zinasahihishwa na kurudishwa, kisha anakalia mtihani unaotambuliwa. Wengi wakisikia jina hili siku hizi wanawaza intaneti peke yake, lakini intaneti ni njia mojawapo tu, tena ya juzi.

Mwaka 1840, Isaac Pitman wa Uingereza alianza kufundisha hati mkato, yaani mwandiko wa haraka wa alama fupi, kwa posta. Mwanafunzi alinakili somo kwenye kadi, akaituma, ikarudi ikiwa imesahihishwa. Mwaka huohuo Uingereza ilishusha gharama ya barua hadi peni moja kwa nchi nzima, na hilo ndilo lililowezesha mpango wake. Afrika Kusini, chuo kikuu cha UNISA kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka huko mwaka 1989, akiwa bado kifungoni.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Tanzania. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa ifikapo 1977. Walimu wangetoka wapi? Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa kasi hiyo hata vingejazwa hadi kwenye korido. Kuanzia 1976, vijana waliomaliza darasa la saba walipelekwa kufundisha shule za vijijini huku wenyewe wakisomea ualimu kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Waratibu elimu wa kata waliwasimamia kwa karibu, na mwishoni walikusanywa kwa semina ya bweni kabla ya kuhitimu. Hadi 1984, zaidi ya 35,000 walikuwa wamemaliza.

Mpango ule ulilaumiwa sana, na lawama nyingine zilikuwa za haki: kijana wa darasa la saba kumfundisha mtoto wa darasa la saba ni jambo zito. Hata hivyo, naamini bila wao vijiji vingi vingebaki na majengo na watoto tu. Na tuangalie kilichoushikilia mpango. Haikuwa redio. Ni yule mratibu aliyefika shuleni, akakaa nyuma ya darasa, akatazama mwanafunzi wake wa ualimu akiandika ubaoni, kisha akamwambia wapi amekosea.

Tangu hapo njia zimeongezeka. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kimeeneza vituo vyake mikoani, mwalimu wa shule ya msingi akasome shahada bila kuacha kazi wala familia. Kenya nayo ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023, kikiwa na makao Konza na kufundisha mtandaoni. "Huria" hapa inahusu zaidi milango na ratiba kulegezwa. "Masafa" inahusu umbali. Mara nyingi huenda pamoja, lakini si lazima.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, walimu wengi walipiga picha kurasa za vitabu na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp. Walifanya walichoweza, na wanastahili shukrani. Ila ile ilikuwa huduma ya dharura. Moduli ya elimu masafa huandikwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu aliye peke yake: mada fupi, mfano uliofanyiwa kazi hatua kwa hatua, swali lenye nafasi ya kujibu, na majibu nyuma ili ajipime kabla ya kuendelea. Kuiandika vizuri kunachukua miezi, na ndiyo maana taasisi nyingi zinaruka hatua hiyo na kupakia mtandaoni slaidi zilezile za darasani.

Mustakabali wake, kwa maoni yangu, utaamuliwa na watu wanaojibu kuliko vifaa. Bando likiwa ghali au umeme ukikatika, mwanafunzi hujibana akasubiri usiku. Kinachomfanya aache ni kutuma kazi mwezi wa pili na kufika kwenye mtihani bila kuiona tena. Sasa kuna pia akili unde (AI), inayoweza kumwandikia mwanafunzi jibu zima. Kazi za nyumbani zitapungua uzito, na mtihani wa kukaa kituoni, pamoja na mahojiano ya ana kwa ana, utarudi kupewa nafasi. Teknolojia hiyohiyo inaweza kumweleza mtu kosa lake saa tano usiku, mwalimu akiwa amelala, ila bado atahitajika mtu wa kuthibitisha kwamba maelezo ni sahihi.

Kwa anayetaka kujiunga, kabla ya kulipa ada aulize nani atasahihisha kazi zake, zitarudi baada ya siku ngapi, na mtihani utafanyikia wapi. Ikiwa ni shahada, ahakikishe pia kwamba chuo kinatambuliwa na tume inayosimamia vyuo vikuu: TCU kwa Tanzania, au CUE kwa Kenya.