Kwa nini jua la saa sita huficha macho pichani?

Mpige bibi picha saa sita na nusu mchana akiwa amekaa barazani Mji Mkongwe, Unguja, kisha itazame vizuri. Paji la uso linameta, ncha ya pua inameta, na mahali pa macho pana mashimo mawili meusi. Chini ya pua kimeota kivuli kama masharubu. Mwenyewe akioneshwa atasema, "Huyu si mimi," na ana haki. Simu haina kosa. Tatizo ni pale jua lilipo.

Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Mapema Machi na tena mapema Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Hata Juni, linaposhuka kuliko miezi yote, adhuhuri bado huwa nyuzi 60 hivi juu ya upeo, na hicho karibu ndicho kimo cha juu kabisa ambacho jua la London hufikia kwa mwaka mzima! Mwanga ukitoka juu namna hiyo, mfupa wa nyusi huwa kama kipaa cha nyumba: macho hubaki gizani. Tena jua, kwa jinsi tunavyoliona angani, ni kitone kidogo, kwa hiyo kivuli chake hukatika kama kwa wembe. Wingu likilifunika, mbingu nzima hugeuka taa moja pana na vivuli hulainika.

Wingu likikosekana, usimwambie bibi asubiri jioni. Mwombe aingie mlangoni, hatua moja tu ndani ya kivuli, aelekee nje. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Jua linapiga ukuta wa ng'ambo uliopakwa chokaa, na ukuta unaurudisha mwanga usoni kwake. Sasa taa yako ni ukuta mzima, na uko mbele yake, si juu ya kichwa. Mtazame mboni: utaona kinuru cheupe kimetua ndani. Mimi sibonyezi kabla sijakiona. Ila angalia rangi ya ukuta, maana wa kijani utamtia ukijani.

Kuna jambo moja linaloniuma, kwa kuwa linawanyima wengi sura zao. Nyuma ya bibi ni giza la ndani. Simu ikiona weusi mwingi hudhani mwanga ni haba, ikaongeza, na ngozi yake ya maji ya kunde ikapauka kama majivu. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwanga taratibu mpaka rangi yake irudi.

Jioni ni nzuri, kwani mwanga hupita kwenye hewa nyingi, buluu ikatawanyika njiani, ukatufikia wa dhahabu. Lakini kwetu jua huzama karibu wima. Likiwa nyuzi 6 juu ya bahari, zimebaki dakika 25 hivi. London mwezi Juni zingekuwa maradufu. Kwa hiyo ukienda Forodhani, bustani ya Mji Mkongwe iliyo kando ya bahari, chagua mahali pako mapema, na watu wakae tayari.

Jua likizama, usiifutike simu mfukoni. Mbingu bado ni buluu, taa za wauza mishikaki zimeshawaka, na kwa dakika chache mianga hiyo miwili hulingana nguvu. Zikipita, juu huwa weusi tii.