Kuwaza Chanya Peke Yake Hakumfikishi Mtu Kwenye Usaili

Katika kazi yangu ya kuwashauri watafuta ajira hapa Dar es Salaam, malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kuliko yote ni haya: "Mama, nimeambiwa niwaze chanya, nami nawaza chanya kila siku, lakini kazi sijapata." Wa mwisho kuniambia hivyo alikuwa kijana mhitimu wa uhasibu, mwenye bahasha ya kaki iliyochakaa pembe kwa kubebwa, na matokeo ya chuo mazuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Nilimwuliza ametuma maombi mangapi tangu mwezi uanze. Akafikiri kidogo, akajibu kuwa ni mawili. Nikamwuliza ni mara ngapi, katika mwezi huohuo, amejiona akilini akiingia ofisini na kitambulisho kikining'inia shingoni. Akacheka kwa haya, akasema ni kila usiku.

Jambo hilo limechunguzwa kwa makini. Wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kuwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani waliokuwa wakiingia kwenye soko la ajira. Walitenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya kwa kuviita vyote "matumaini". Kimoja ni matarajio, yaani jinsi mtu anavyokadiria uwezekano wake wa kupata kazi akitazama uwezo alio nao na mambo aliyokwisha kuyafanya. Kingine ni njozi, yaani picha tamu za kazi iliyokwisha kupatikana zinazompitia akilini. Baada ya miaka 2, waliokuwa na matarajio mazuri walikuwa wamefanikiwa zaidi katika kutafuta kazi, ilhali waliozama mara kwa mara katika njozi walikuwa wametuma maombi machache, wamepewa nafasi chache na wanalipwa mishahara midogo. Katika utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2011, Oettingen na mwenzake Heather Kappes walionyesha kwamba njozi hizo hupunguza nguvu za mwili, hata shinikizo la damu hushuka, kana kwamba mwili umeamini kuwa safari imekwisha na sasa unaweza kupumzika. Ndiyo maana siwashauri watu wasimame mbele ya kioo wakajiambia kwamba kazi ni yao.

Matarajio hayatengenezwi kwa kujiambia maneno mazuri. Yanatokana na ushahidi, na ushahidi wa watafuta kazi wengi umelala mahali ambapo hawajawahi kuutafuta. Yule kijana alikuwa ameandika katika wasifu wake kwamba ana "ujuzi wa kutosha wa masuala ya kodi", maneno ambayo ofisa rasilimali watu huyaruka bila kuyasoma. Nilipomdadisi, nikagundua kwamba kwa miezi 14 amekuwa akitunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, akilinganisha risiti za EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, na mauzo ya siku, na kuandaa ritani za kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kila mwezi. Hakuliandika hilo popote. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu: "Lakini Mama, si ni duka la mjomba tu." Tulitumia zaidi ya saa moja kuliandika jambo hilo kwa sentensi 3 zenye tarakimu, na nilimwona akikaa wima kitini kadiri sentensi zilivyokuwa zikikamilika. Hayo ndiyo mawazo chanya ninayoyatambua: mtu kuamini jambo juu yake mwenyewe kwa sababu analo la kulithibitishia.

Mtihani mkubwa zaidi huja baada ya kukosa. Martin Seligman, mwanasaikolojia wa Marekani, ameonyesha kwamba watu hutofautiana sana katika namna wanavyojieleza sababu za kushindwa, na kwamba anayeiona sababu kuwa ya kudumu na yenye kugusa maisha yake yote hukata tamaa mapema kuliko anayeiona kuwa ya muda na ya jambo lile moja. Sisi hapa tuna msamiati kamili wa sababu za kudumu. Mtu husema ana mkosi, nyota yake imefifia, kuna mkono wa mtu, au kazi za siku hizi ni za kujuana tu. Sibishani na imani ya mtu, wala sidai kwamba kujuana hakupo. Lakini namwomba kwanza afanye hesabu. Mwezi Juni 2014, waombaji zaidi ya 10,000 waliitwa kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Kila nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya 140. Hata kama usaili ule ungeendeshwa na malaika, zaidi ya asilimia 99 ya waliokaa kwenye viti vile wangerudi nyumbani bila kazi, na haiwezekani wote wawe na mkosi. Aliyekosa katika mazingira ya namna hiyo amejifunza jambo kuhusu wingi wa waombaji, na bado hajajifunza lolote kuhusu thamani yake.

Kuhusu kujuana nina neno moja. Mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa kuwa ndugu na marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua sisi. Mtu uliyefanya naye mafunzo kwa vitendo miaka 3 iliyopita anaweza kukufaa kuliko shangazi. Kumpigia simu kumwuliza kama ofisini kwao kuna tangazo la kazi si kuomba upendeleo.

Lipo pia suala la hasira, ambalo wahamasishaji wengi hulipita kimya. Waliopunguzwa kazi baada ya miaka mingi ya utumishi hunijia wakiwa wamejaa uchungu, na huambiwa na kila mtu wasahau, wasonge mbele, wawe chanya. Mimi huwapa daftari. Mwaka 1994 Stefanie Spera, Eric Buhrfeind na James Pennebaker walichapisha utafiti wa wataalamu 63 waliopoteza kazi huko Marekani. Walioandika kwa siku 5, dakika 20 kila siku, hisia zao za ndani kabisa kuhusu kupoteza kazi walipata ajira mpya haraka kuliko walioandika mipango yao ya kutafuta kazi, na kuliko wasioandika chochote. Kinachonivutia ni kwamba hawakuwazidi wenzao kwa idadi ya barua walizotuma wala simu walizopiga. Maelezo ya watafiti, ambayo nayakubali kutokana na yale ninayoyaona, ni kwamba uchungu wao ulikuwa umebadilika, na huenda waliketi mbele ya msaili bila kumsimanga mwajiri wa zamani. Msaili husikia hasira hata pale mtu anapotabasamu, na anapomsikia mwombaji akimsema vibaya bosi wake wa zamani, hujiuliza yeye atasemwaje kesho.

Kwa yule kijana wa uhasibu hapakuwa na hasira. Palikuwa na njozi, na njozi sikumkataza. Nilimwomba aione ile ofisi yake kama kawaida, kisha papo hapo ajiulize ni kitu gani ndani yake mwenyewe kinachomzuia kuifikia. Utaratibu huo wa kuiweka picha tamu ubavuni mwa kikwazo ni wa Oettingen mwenyewe, na huwa naumalizia kwa sentensi ya "kama hivi, basi vile" iliyopendekezwa na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer: kama kikwazo kitatokea saa fulani, basi nitafanya jambo fulani. Alikaa kimya muda mrefu. Nilitarajia ataje nauli, kwa kuwa wengi hutaja nauli, nayo ni sababu ya kweli ambayo hakuna mtazamo unaoweza kuiondoa. Akasema, "Naogopa kupiga simu. Naona nitawasumbua watu."

Akaandika katika daftari lake: "Kama ni saa 4 asubuhi siku ya Jumanne, basi nitampigia mtu mmoja niliyefanya naye mafunzo." Siku ile ilikuwa Jumanne, na saa 4 ilikuwa imeshapita kwa dakika 20. Nikamsogezea kiti karibu na dirisha, mahali ambapo mtandao unashika vizuri. Namba ya kwanza haikupatikana. Akaniangalia, akashusha pumzi, akatafuta ya pili.