Uliyetundika Daluga, Moyo Wako Bado Unauhitaji Mpira

Saa kumi na moja jioni, pita kiwanja chochote cha mchanga hapa Tanga: Ngamiani, Makorora au Sahare. Ndani wanacheza vijana. Pembeni, juu ya baiskeli zao, wamekaa baba zao wakitoa maelekezo: "Mkabe! Achia mpira! Rudi nyuma!" Wengi wa hawa wa pembeni walicheza, na wanaujua mpira kweli. Wapo wanaoikumbuka Coastal Union ya 1988, ilipochukua ubingwa wa Tanzania Bara, kana kwamba ilikuwa juzi.

Ndio hao hao ninaokutana nao kwenye kitengo chetu cha fiziotherapia. Mmoja ana presha, mwingine sukari, mwingine goti halimpandishi ngazi, na karibu wote wana kitambi kilichoanza mwaka ule walipoacha mpira. Ninapowauliza kwa nini waliacha, jibu ni moja: "Umri, daktari." Umri wenyewe ni miaka 38.

Wagosi, naomba tuelewane hapa. Mpira wa kujifurahisha, usio na ligi wala kocha wa kukutukana, ni zoezi lililopimwa na wanasayansi kama dawa inavyopimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen nchini Denmark, akiwamo Peter Krustrup na Jens Bangsbo, walianza kazi hiyo miaka ya 2000. Katika utafiti wao mmoja waliwachukua wanaume wa makamo wenye presha, wasio na mazoezi, wakawachezesha saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa miezi sita. Presha ya juu ilishuka kutoka wastani wa 151 hadi 139, na ya chini kutoka 92 hadi 84. Wenzao waliopewa ushauri wa kawaida wa daktari nao walipata nafuu, ila ndogo kuliko hiyo. Ukikumbuka kwamba mstari wa presha ni 140 kwa 90, utaona wastani wao ulitoka upande mmoja wa mstari ukahamia wa pili.

Siri iko kwenye mwendo wa mchezo wenyewe. Anayekimbia barabarani huenda kwa kasi ile ile mwanzo hadi mwisho. Mchezaji anatembea, anachomoka, anasimama ghafla, anageuka, anaruka kichwa, anatembea tena. Moyo unapandishwa na kushushwa mara nyingi ndani ya saa moja, na kuta za mishipa ya damu hujifunza kutanuka vizuri zaidi. Kule kusimama na kugeuka kunaitikisa mifupa ya miguu, nayo hujibu kwa kujijenga. Misuli ya paja inafanya kazi ambayo wengine wanailipia kwenye vyumba vya vyuma. Na kwa kuwa akili iko kwenye mpira, mtu hachoki upesi kama anayehesabu kilomita. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu zoezi linalomsaidia mgonjwa ni lile atakalolirudia wiki ijayo.

Lakini uwanja mkubwa wa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja siupendekezi kwa anayeanza upya. Humo mtu anaweza kumaliza nusu saa hajagusa mpira, kisha akalazimika kukimbia mita 60 mara moja, na hapo ndipo msuli wa nyuma ya paja unapochanika. Chezeni watano kwa watano au saba kwa saba, magoli ya matofali mawili, uwanja mfupi. Tafiti zile zile zilionyesha kwamba katika timu ndogo mapigo ya moyo hufika wastani wa asilimia 80 hivi ya uwezo wake wa juu, hata kwa asiyejua kupiga danadana. Vipindi viwili kama hivyo kwa wiki vinatosheleza kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO), ambacho ni dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito kila wiki.

Sasa sikilizeni upande wa tahadhari, maana siwezi kuwapeleka uwanjani na kuwaacha huko. Mtu aliyekaa miaka kumi bila mazoezi, akavaa jezi siku ya bonanza la veterani na kucheza kwa sifa mbele ya watoto wake, anauweka moyo wake hatarini. Kama umevuka miaka 35, au una presha, sukari, au ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado mdogo, pima kwanza. Namba ya juu ya presha ikiwa 180 au zaidi, mpira usubiri mpaka dawa ziishushe. Dawa usiache kwa sababu umeanza kucheza. Atakayepunguza dozi ni daktari wako baada ya vipimo. Wiki mbili za kwanza cheza dakika 20 tu, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima. Kifua kikibana, ukisikia kizunguzungu, au pumzi ikikata kuliko kawaida, toka uwanjani na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Mwenye kisukari ana mambo yake mawili. La kwanza ni viatu. Najua utamu wa kucheza peku kwenye mchanga, lakini sukari huua hisia za nyayo; unaweza kukanyaga kipande cha chupa na usijue mpaka kidonda kimeoza. La pili, msuli unaofanya kazi hunyonya sukari kutoka kwenye damu, na huo ndio uzuri wake, ila anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushuka kupita kiasi. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, kunywa juisi au soda yenye sukari papo hapo. Mwenzako mmoja uwanjani ajue hali yako.

Pasheni misuli moto kabla ya kucheza. FIFA ina utaratibu wake wa dakika 20 uitwao 11+, na jaribio lililofanywa Norway kwa wasichana lilionyesha majeraha yamepungua kwa karibu theluthi moja. Joto letu la Tanga linajulikana, kwa hiyo ni alfajiri au baada ya alasiri, na maji yawe karibu.

Nimetaja wasichana, na hapa nina neno kwa wanaume. Copenhagen iliwachezesha pia wanawake ambao hawakuwa na mazoezi, na mifupa ya miundi yao ikaimarika. Wanawake wetu, ambao mifupa yao hudhoofika haraka baada ya hedhi kukoma, hatujawaachia hata saa moja ya kiwanja. Uwanja wa shule wenye ukuta, jioni mbili kwa wiki, unatosha kuanzia. Mwalimu mkuu akiombwa kwa heshima, hakatai.

Swali ninaloulizwa sana ni la golikipa: naye anafaidika? Akikaa golini saa nzima, hapana, moyo wake haupandi. Pokezaneni kila dakika kumi.