4,294,967,297: namba iliyomponza Fermat

Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat alizitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni namba tasa, na zote zinapatikana kwa kupandisha 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha kuongeza 1. Akaamini kuwa inayofuata, 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, nayo ni tasa. Wapi! Mwaka 1732 Leonhard Euler aliivunja: 641 × 6,700,417.

Kigawo kinatafutwaje? Kipeuo cha pili cha namba hii kinazidi 65,536 kidogo mno, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Usianze kuzijaribu moja moja. Chukua p, tasa yoyote inayoigawanya namba hii. Tukihesabu mabaki ya kugawanya kwa p tu, 2³² ni sawa na −1, hivyo 2⁶⁴ ni sawa na 1, na hakuna kipeo kidogo zaidi kinachofika 1. Lakini kwa p tasa, 2 kwa kipeo cha p − 1 nayo hutoa 1. Kwa hiyo p − 1 lazima igawanyike kwa 64. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641: ya tano tu, kazi imekwisha. Édouard Lucas baadaye alibana zaidi, akaonyesha kuwa p − 1 hugawanyika kwa 128. Zinabaki 257 na 641. Nayo 257 itupe bila hata kugawanya, kwa sababu 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 ni 4,294,967,295, pungufu ya namba yetu kwa 2. Kwa hiyo baki ni 2.

Uhakiki wa 641 hauhitaji kikokotoo. Ona kwamba 641 = 5 × 2⁷ + 1, na pia 641 = 5⁴ + 2⁴. Hesabu tena mabaki, safari hii ya kugawanya kwa 641: kutokana na la kwanza, 5 × 2⁷ ni −1. Pandisha kwa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ ni 1. Kutokana na la pili, 5⁴ ni −2⁴. Weka mahali pake: −2³² ni 1. Basi 2³² + 1 ni 0. Mistari miwili, na kwangu hakuna uthibitisho mtamu kuliko huu.

Je, 6,700,417 ni tasa? Vigawo vyake tasa navyo vinafuata sharti la 128, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Kuna tano tu za kujaribu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Baki ni 170, 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

Kwenye kompyuta kuna mitego miwili. Namba isiyo na alama ya hasi ya biti 32 inaishia 4,294,967,295, kwa hiyo namba yetu inageuka kuwa 1 na programu haipigi kelele. Tumia biti 64. Mtego wa pili ni jaribio la Fermat lenyewe: pandisha namba ndogo kwa kipeo kilicho pungufu ya namba yetu kwa 1, yaani 2³², kisha gawanya kwa namba yetu; baki lisipokuwa 1, namba si tasa. Ukilifanya kwa 2, jibu ni 1, kana kwamba namba ni tasa, kwa sababu 2⁶⁴ tayari imeshatoa 1. Lifanye kwa 3: baki la 3 kwa kipeo cha 2³² ni 3,029,026,160, si 1, kwa hiyo namba si tasa.